Paa la Bongo limegoma nusu njia: usinunue mota bado

Swali: Shikamoo fundi. Nina Mazda Bongo Friendee ya mwaka 1999, ile yenye paa linaloinuka kwa umeme. Tunaitumia kulala ufukweni na watoto, na mara mojamoja tunakwenda nayo Mikumi. Tangu mwaka jana paa limekuwa zito, likipanda linajikokota na taa za ndani zinafifia. Jumapili iliyopita lilifika nusu likagoma. Ukibonyeza swichi unasikia "tak", basi. Ukisubiri kama dakika kumi linasogea kidogo, linasimama tena, iwe kupanda au kushuka. Fundi mmoja kaniambia mota imekufa, nitoe laki tisa aagize iliyotumika kutoka Japani. Jirani anasema niongeze oili ya haidroliki. Mvua zimeanza na gari nimelifunika turubai la lori. Nifanyeje? Nilisahau kusema, mwaka jana nilifunga sola ya wati 100 juu ya paa kwa ajili ya friji. (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba mwanangu. Tuanze na mvua, mengine yatasubiri. Paa lililosimama nusu halijakaza popote: halizuii maji wala halihimili upepo. Na hilo turubai la lori likituamisha maji katikati ni mzigo mwingine juu ya mota ileile unayoilalamikia. Litoe, kisha ulishushe paa leo kabla jua halijazama.

Namna ya kulishusha ni hii. Gari liwe nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu utawasha injini na moshi wake unaua. Injini ikiunguruma, alteneta inatoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Betri iliyotulia, hata ikiwa imejaa kabisa, haizidi 12.6 au 12.7. Volti moja na nusu ya nyongeza ndiyo inayoweza kukuvusha. Zima AC, redio na taa kubwa ili umeme wote uende unakotakiwa. Gia iwe kwenye P, vuta hendibreki mpaka mwisho. Fungua mlango mmoja au shusha kioo, maana hewa iliyo ndani ya hema, yaani kile kitambaa kinachozunguka paa likiinuka, lazima ipate pa kutokea, la sivyo hema linatuna kama puto na mota inasukumana nalo bure.

Tafuta watu wawili wazima, mmoja kila upande. Wewe bonyeza swichi ya kushusha, wao waweke viganja kwenye ukingo wa paa na kusaidia kwa pamoja, polepole. Wasaidie tu, wasining'inie. Nimeona paa lililopindishwa na vijana walioambiwa "sukumeni", kila mmoja akasukuma kwa wakati wake, upande mmoja ukafika chini, mwingine ukabaki juu. Likisimama, liache dakika kumi na tano, rudia. Kwa jinsi ulivyoeleza, mara nne au tano litakuwa limelala. Hema lisogezwe ndani kadiri linavyoshuka lisije likabanwa ukingoni, lakini anayelisogeza asubiri swichi iachwe kwanza. Ile mikono ya chuma inayobeba paa hujikunja kama mkasi, na kidole cha mtu kwake si kitu.

Likikataa kabisa, njia ya mwisho ni kuipa mota umeme wa moja kwa moja. Fungua vifuniko vya plastiki ukifuata mikono ya chuma inakotokea, utaikuta mota na soketi yake. Chomoa soketi. Chukua betri ya pembeni, waya mbili, na fyuzi yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye boksi la fyuzi kwa ajili ya paa. Gusisha sekunde moja, tazama paa limeelekea wapi. Likipanda, geuza waya: chanya iwe hasi. Kisha gusa na kuachia, gusa na kuachia. Usishikilie, kwa sababu hapo umezipita swichi za kikomo, zile ndogo zinazoiambia mota "umefika, acha". Mota haitajua imefika, itaendelea kuvuta mpaka kitu kivunjike. Na mtu yeyote anayeingiza kichwa au mkono chini ya paa lililo nusu, aweke kwanza mbao mbili imara za kulishikilia, moja kila upande. Gia za mota hizi kwa kawaida hazirudi nyuma zenyewe, ndiyo maana paa lako halikuanguka. Lakini mimi huwa siweki kichwa changu dhamana kwa jino la gia.

Likishalala, hakikisha kwa macho kwamba makufuli yake yameshika. Kama hayajashika na lazima uliendeshe, pitisha mikanda miwili ya kufungia mizigo juu ya paa, iingize ndani kupitia milangoni, kaza, funga milango juu yake. Nenda taratibu kwa barabara za ndani. Usije nalo kwenye Daraja la Nyerere likiwa hivyo. Unakaa Kigamboni, upepo wa pale juu unaujua.

Sasa jirani. Mwambie ahsante, ila gari lako halina oili ya kuongeza. Mfumo wa Mazda, wenyewe waliuita Auto Free Top, unaendeshwa na mota ya umeme na mikono ya chuma. Labda jirani ameona Volkswagen California. Zile zina matoleo yenye pampu ya haidroliki na mitungi miwili inayosukuma paa. Huko kweli oili ikivuja paa linakuwa dhaifu au linashuka upande, na kwenye pampu kuna skrubu ya dharura ya kuachia presha ili ulishushe kwa mkono. Ni mfumo mwingine kabisa. Ukimwaga oili kwenye Bongo yako utalowesha godoro tu. (Na hapa niseme, kila nikiandika "Bongo iliyokwama Bongo" mwanangu wa kike ananicheka. Mazda waliitengeneza Friendee kuanzia 1995 hadi 2005, na jina hilo la Bongo wala hawakutuomba sisi ruhusa.)

Tuje kwa mota "iliyokufa". Wewe mwenyewe umeandika kwamba ukisubiri dakika kumi linasogea. Maiti haifufuki kwa kupumzishwa dakika kumi. Mota iliyoungua kweli inakaa kimya leo, kesho na mtondogoo, au inatoa harufu ya waya ulioungua ambayo hutaisahau. Yako inafanya kazi, inapata joto, inakatwa na kinga yake, inapoa, inarudi. Swali la kuuliza ni kwa nini inapata joto kabla ya kumaliza safari fupi kama hiyo. Na majibu ya kuanza nayo ni mawili: ama inapewa umeme pungufu, ama inabebeshwa mzigo uliozidi. Kwa maelezo yako, naona yote mawili.

Kabla ya kupima nikupe habari ya masharti, kwa sababu watu wengi wanakuja kwangu na tatizo ambalo si lako lakini linafanana. Paa hili halikubali kuinuka mpaka liambiwe gari limeegeshwa. Linauliza: swichi ya gari imewashwa? Gia iko P? Hendibreki imevutwa? Jibu moja likikosekana, kimya, hata "tak" husikii. Aliwahi kuja dada mmoja na Bongo yake, ameshapita kwa mafundi wawili, mmoja keshabadilisha rilei zote (swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme), mwingine keshakata waya tatu na kuziunga kwa selotepu. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikavuta hendibreki, nikatazama dashibodi. Taa nyekundu haikuwaka. Kijiswichi chini ya hendibreki kilikuwa kimejaa vumbi na soda iliyomwagika ikagandamana. Nilikisafisha kwa spirit na mswaki, paa likapanda. Kwa hiyo kila anayesoma hapa mwenye paa lililo kimya kabisa, kabla hujafungua boksi la fyuzi, tazama kwanza ile taa nyekundu.

Lako linalia "tak", kwa hiyo masharti yametimia na rilei inapokea amri. Lakini mlio huo unadanganya watu. Rilei ni sumaku ndogo, inaweza kujivuta hata kwa volti nane au tisa, wakati mota yenye mzigo haiwezi kuinuka kwa volti hizo. Nguvu ya mota haipungui sawasawa na volti, inapungua kwa mraba wake. Volti zikishuka kutoka 12 hadi 9, yaani robo tu, nguvu inayobaki ni kama asilimia 56. Karibu nusu ya mota yako imepotelea njiani, ndani ya waya, na wewe unaambiwa ununue nyingine. Hiyo nyingine nayo ukiifunga kwenye waya zilezile itajikokota vilevile.

Kwa hiyo tafuta mita, ile ya kawaida ya kidijitali inatosha. Pima betri asubuhi kabla hujawasha chochote: 12.6 ni nzima, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 ni ya kupeleka chaji au kubadilisha. Joto la hapa kwetu linakula betri kuliko watu wanavyodhani, na gari linalokaa wiki tatu bila kuwashwa ndilo linaloongoza kwa kuiua. Halafu bonyeza swichi ya paa huku mita iko kwenye vichwa vya betri. Zikishuka kutoka 12.6 mpaka 10 papo hapo, mgonjwa wako ni betri, mambo mengine acha kwanza.

Zikibaki 12 na kitu, hamia kwenye soketi ya mota. Weka ncha mbili za mita kwenye waya mbili za mota, mtu abonyeze swichi, soma. Tofauti ya nusu volti na ile ya betri naivumilia. Ukiona betri 12.2 na mota 9.4, hapo umemkamata mwizi, karibu volti tatu zinaliwa njiani. Kazi iliyobaki ni kujua upande gani. Weka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye waya wa mota ambao kwa wakati huo ni hasi, swichi ikiwa imebonyezwa. Ikisoma zaidi ya 0.3 hivi, wizi uko upande wa ethi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi. Rudia upande wa chanya kwa njia hiyohiyo.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Mota hii haina waya mmoja ambao ni hasi siku zote. Inageuka: paa likipanda, waya wa kwanza ni chanya na wa pili hasi, likishuka vinabadilishana, na kazi ya kubadilisha hufanywa na rilei. Ndiyo maana ukifunga waya mpya kutoka kwenye mota moja kwa moja hadi bodi, kama nilivyoona mtu kafanya, safari moja itakwenda vizuri na safari ya kurudi utaunguza fyuzi. Ethi unayoitafuta iko pale ambapo waya hasi wa rilei, au wa kompyuta ndogo ya paa, unafungwa kwenye bati la gari. Ni bolti moja ndogo iliyojificha nyuma ya plastiki, na hakuna aliyeigusa tangu gari litoke kiwandani.

Ukiifungua utajua mwenyewe. Kwenye magari yanayolala Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, kote kunakofika hewa ya chumvi, shaba ya waya inakuwa na unga wa kijani na bati chini yake lina kutu ya rangi ya chai. Kwa juu bolti imekaza, ukiitikisa haitikisiki, ukipima kwa mita bila mzigo inakuambia iko sawa. Umeme mdogo unapita. Umeme mkubwa wa mota ukitaka kupita unabanwa pale kama watu kwenye mlango wa daladala saa kumi na moja jioni. Iguse hiyo bolti kwa vidole mara tu baada ya kuhangaika na paa: kama ni ya moto, huhitaji hata mita.

Kuitibu ni kazi ya nusu saa. Ondoa waya hasi wa betri kwanza. Fungua bolti, sugua bati kwa msasa mpaka ling'ae kama shilingi mpya, sugua kichwa cha waya pande zote mbili. Kama kijani kimepanda ndani ya waya, kata sehemu hiyo, funga kichwa kipya kwa koleo la kubania, si kwa kusokota na selotepu. Rudisha, kaza, kisha paka grisi juu ili hewa ya bahari isirudi. Grisi inakuja baada ya kukaza, isitangulie. Fanya hivyohivyo kwenye waya mnene wa hasi kutoka betri hadi bodi na kutoka injini hadi bodi, maana ugonjwa huu hauchagui mahali pamoja.

Ukitaka kukata mzizi wa fitina kabla ya kusugua chochote, chukua waya wa kubusti. Mdomo mmoja bana kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye ile bolti ya ethi ya paa, au bati tupu lililo karibu nayo kabisa. Waya wa kubusti ukiwa mfupi, refusha kwa waya mwingine mnene. Bonyeza swichi. Paa likipanda kwa sauti nyingine, laki tisa zako zimebaki mfukoni.

Sasa ulichosahau kusema. Sola ngumu ya kioo ya wati 100 peke yake ina uzito wa kilo saba hivi, ongeza fremu, miguu na bolti. Mota haikupangiwa mzigo huo. Angalia tarehe zako mwenyewe: sola mwaka jana, paa kuwa zito mwaka jana. Ishushe. Kama friji ni ya lazima, nunua sola zile laini za kubandika ambazo ni nyepesi mno, au iache ileile uitandaze chini pembeni ya gari na waya wa mita tano, tena utaigeuza ifuate jua huku gari likiwa kivulini. Na pale ilipofungwa, kagua matundu ya bolti. Tundu lisilozibwa vizuri linaingiza maji kwenye dari, maji yanafuata waya, waya inaoza, na tunarudi kwenye ule unga wa kijani.

Upande wa mzigo kuna jambo jingine, nalo ni pini na bushi za mikono ya kuinulia. Paa likiwa juu na limeegemezwa mbao, chomoa soketi ya mota, halafu tazama kila maungio kwa tochi. Ninachokutana nacho kwenye magari ya ufukweni ni grisi ya Kijapani ya miaka ishirini iliyogeuka kahawia na kukauka, imechanganyika na mchanga. Hiyo si grisi tena, ni msasa. Wengi wanapulizia WD-40 juu yake, paa linakuwa jepesi wiki mbili, kisha linakuwa zito kuliko mwanzo, kwa sababu dawa ile huyeyusha mafuta yaliyobaki na yenyewe hukauka. Itumie kusafishia tu. Futa kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke safi, ndipo upake grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo, ndani ya pini na si juu juu. Mafuta ya nazi usipake, nimeyaona: yanachacha, yananuka, na siafu wanahamia.

Raba ya kuzuia maji inayozunguka ukingo haitaki grisi kabisa, wala oili ya injini. Mafuta ya aina hiyo huivimbisha raba na kuilegeza. Ifute kwa maji na sabuni, ikikauka ipulizie silikoni. Raba iliyoshikana na bati kwa joto inaweza peke yake kulifanya paa ligome sentimita mbili za mwanzo, na watu wanadhani ni kufuli.

Baada ya yote hayo, tuseme umepima na mota inapata volti 12 kamili, sola imeshuka, pini zinateleza, na bado inajikokota. Hapo sasa mota ni mtuhumiwa halali. Hata hivyo usikimbilie iliyotumika. Bongo Friendee ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani 2005, kwa hiyo mota yoyote "yuzdi" unayoletewa ina miaka ishirini au zaidi, na hujui ililala wapi. Laki tisa kwa ajili hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ishushe yako, ipeleke kwa mafundi wa mota pale Gerezani. Ndani kuna kaboni mbili zinazosugua shaba inayozunguka. Zikiisha, springi inafika mwisho wake, mguso unakuwa dhaifu, mota inakosa nguvu ikipata joto. Kaboni huuzwa bei ya vocha tu, na isipopatikana ya kipimo chako, kubwa kidogo hukatwa kwa msasa mpaka ikae. Mwambie fundi asafishe pia vijifereji kati ya vipande vya shaba, vumbi la kaboni likijaa humo umeme unaruka njia. Simama hapo utazame.

Dalili ikiwa tofauti, mota inazunguka kwa kasi na kelele lakini paa halisogei, basi gia ya plastiki imekatika meno. Mafundi wa kukereza vyuma watakupa nyingine, na wengi watataka kukutengenezea ya chuma "ili isivunjike tena". Kataa. Ile plastiki imewekwa iwe ndiyo inayovunjika siku paa likikwama. Ukiweka chuma, siku hiyo kitakachovunjika ni mkono wa kuinulia au bati la paa, na hivyo hatuvikerezi. Nailoni ngumu inatosha.

Hema lako limeshalowa, kwa hiyo nalo lina haraka. Usiliache limekunjwa bichi zaidi ya siku moja au mbili, kwa unyevu wa masika ya hapa Dar koga inaota mara moja, na yale madoa meusi hayatoki yote. Mara paa litakapopanda, subiri jua, lifungue lote, zipu zote, milango yote. Palipoota koga osha kwa sabuni laini na brashi ya nguo, kisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza, kausha. Jiki usiguse, inakula nyuzi na dawa ya kuzuia maji iliyomo kwenye kitambaa. Likikauka kabisa, puliza dawa mpya ya kuzuia maji, hasa kwenye mishono. Zipu zilizokuwa ngumu kwa chumvi, pitisha mshumaa mara tatu nne, inatosha.

Mambo haya mawili ya grisi na ethi uyafanye mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Katikati hapo, hata kama hamsafiri, inua paa mara moja kwa mwezi siku ya jua, injini ikiwa imewashwa, liache saa moja lipate hewa.

Kwa huyo fundi wa laki tisa, usigombane naye. Muulize tu alipima volti ngapi kwenye soketi ya mota swichi ikiwa imebonyezwa. Kama hakupima, alipiga ramli. Wewe pima, kisha niandikie namba mbili, ya kwenye betri na ya kwenye mota, zote paa likiwa linajaribu kupanda na sola ikiwa imeshashuka. Kwa hizo mbili nitakuambia kama ni msasa na bolti moja, au ni Gerezani kutafuta kaboni.